Mnara wa Pili

Mama mkwe hakuwahi kusema neno baya kuhusu kazi ya Fundi Vijumba, na hilo ndilo lililomkosesha Fundi raha. Mtu akikutukana, unajua pa kuanzia kujibu. Lakini yule mama alikuwa akipita mlangoni pa karakana, anatupa jicho ndani, anasema, "Pole na kazi, baba," kisha anashika njia yake ya jikoni. Hiyo pole yake ilikuwa nzito kuliko gunia la misumari.

Jina la Vijumba alibandikwa na majirani. Alianza maisha akiwa seremala wa makabati na vitanda, mpaka mgongo ulipomgomea. Ndipo akageukia mifano ya majengo: nyumba za ubao laini na karatasi ngumu, zenye madirisha ya ukubwa wa kucha, ambazo wajenzi huwaonyesha wateja wao kabla ya kuchimba msingi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kazi haikumkaukia. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alimpenda na vumbi lake la msasa. Ila mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Yeye alishona nguo ambazo watu walizivaa wakaenda nazo kazini, harusini na matangani. Mwanamume mzima kushinda anapiga msasa mlango usiopitisha hata kidole gumba, hilo halikumwingia akilini.

"Mlango huo anaingia nani?" alimwuliza siku moja, kwa upole kabisa.

"Haingii mtu, Mama. Ni wa kutazama tu."

"Haya," akasema mama mkwe. "Kumbe kutazama nako kunahitaji mlango."

Mambo yalikuwa hivyo mpaka asubuhi ile alipokuja msanifu majengo wa halmashauri ya jiji. Alikuwa mwanamke kijana, buti zake zimejaa chokaa, kofia ya plastiki kaikumbatia kifuani kama sahani. Yeye ndiye aliyesimamia ukarabati wa Jumba la Maonyesho, na pale mjini hapakuwa na mtu asiyelijua Jumba. Lilisimama mbele ya uwanja wa mawe, ukuta wake wa mbele wa matofali mekundu, tao kubwa la kuingilia katikati, na kushoto kwake mnara wenye saa ambayo kila mtu aliitazama na hakuna aliyeiamini. Ukipita chini ya tao unaingia katika ukumbi mmoja mrefu usio na nguzo hata moja katikati. Paa lote limebebwa na matao ya chuma yaliyotoka ukuta hadi ukuta kama mbavu za nyangumi, na juu kabisa, uti wa mgongo wa paa ulikuwa wa vioo. Roshani ilizunguka pande tatu, na kingo zake za chuma zilichongwa maua na masuke ya ngano.

Lilijengwa kwa ajili ya kuonyesha mazao, mashine na kazi za mikono, lakini majumba ni kama watu, hupangiwa hili yakaishia kufanya lile. Mwaka wa njaa liligeuka ghala la nafaka. Baadaye likawa ukumbi wa ngumi, wa mitihani, wa kuhesabia kura. Paa lilipoanza kuvuja, wakubwa wa wakati huo hawakuziba paa. Walitundika dari la mbao chini yake, wakavifunika vile vioo, na kizazi kizima kikakua kikidhani ukumbi ule ulizaliwa na giza.

"Tunaliondoa lile dari," msanifu alisema, macho yakimng'aa. "Na nataka mfano wa Jumba, uwekwe pale mlangoni. Si Jumba la leo. Jumba siku lilipofunguliwa."

"Michoro ya zamani unayo?" Fundi akauliza.

"Mchwa walinitangulia."

Alichokuwa nacho ni picha moja iliyofifia ya bendi ya tarumbeta imesimama mbele ya Jumba siku ya ufunguzi. Mpiga picha aliwapenda zaidi wapiga tarumbeta kuliko jengo. Nyuma yao palionekana upande wa kushoto, mnara na nusu ya tao, basi. Mengine yote ungelazimika kuyapima kwenye jengo lenyewe na kuyauliza kwa waliokuwepo.

Fundi alikubali papo hapo. Alikwenda kupima, akarudi na vumbi nywele nzima, akaanza. Jioni, mezani, alimweleza mkewe habari za mbavu za chuma na masuke ya ngano. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele wa kesho. Mikono ikasimama.

"Jumba lipi?"

"La Maonyesho, Mama."

Mama mkwe akaendelea na mchele wake. Lakini kesho yake, chai ya saa nne ilipoiva, hakumtuma mtu. Alikuja nayo mwenyewe mpaka ndani ya karakana, akatafuta kigoda, akaketi. Fundi karibu akate kidole kwa mshangao.

"Mimi nimefanya kazi mle ndani," alisema.

Akasimulia. Alikuja mjini akiwa msichana, akaajiriwa na wauza vyerehani. Kila msimu wa maonyesho walimkalisha juu ya jukwaa dogo katikati ya ukumbi, chini ya vile vioo, ashone gauni za watoto huku watu wakimtazama. Hapakuhitaji taa. Jua lilikuwa likimshukia bega la kulia asubuhi, likihamia la kushoto jioni, na yeye alijua saa kwa joto la begani. "Ile saa ya mnara ilikuwa mwongo toka zamani," akaongeza. Na hapo ndipo kijana mmoja fundi umeme alipoanza kuja na shati lililokatika kifungo. Siku ya pili akaja tena. Shati lilelile, kifungo kilekile.

"Nikamwambia, kaka, wewe huna shida ya kifungo, una shida nyingine. Akasema, ndiyo."

Yule ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wa Fundi, Mungu amrehemu. Mkewe Fundi alikuwa akiijua hadithi ya kifungo, lakini Fundi alikuwa hajawahi kuisikia kutoka kinywani mwa mwenyewe. Gundi ilimkaukia brashini.

"Sasa hapo mbele," mama mkwe akasema, akinyoosha kidole kwenye mfano, "mnara ni mmoja. Kushoto, unapoingia. Usije ukadanganywa na mtu."

Onyo lile Fundi alilielewa alasiri ya siku iliyofuata, pale sauti ilipopasuka getini: "Hodi wenyewe! Au mmehama?"

Alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe. Shangazi alizaliwa mtaa wa nyuma ya Jumba, na hakuwa na mazoea ya kunong'ona. Alikuwa ameshasikia habari. Habari za mji ule zilimfikia kabla hazijatokea. Akaingia karakana na bakora yake, akauzunguka mfano, akautazama kama daktari.

"Mnara wa pili uko wapi?"

"Upi, Shangazi?"

"Wa kulia! Minara ilikuwa miwili, mmoja huku, mmoja huku, kama masikio. Nilikuwepo siku ya ufunguzi. Mtoto mdogo, juu ya mabega ya baba. Tulisimama chini ya ule wa kulia, na upepo ulipovuma ulikuwa ukilia. Kwiii, kwiii, kama kitanda kibovu. Nikaogopa, nikalia na mimi."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Wifi," alisema taratibu, "mnara wa matofali unaliaje kama kitanda?"

"Ndivyo ulivyolia."

"Mimi nimeingia na kutoka katika jumba lile miaka na miaka. Mnara ni mmoja. Kaka yako mwenyewe aliniambia kuwa siku ya ufunguzi wewe ulilala mabegani mwa baba yenu toka mnatoka nyumbani mpaka mnarudi."

"Kaka yangu alikuwa akitazama wapiga tarumbeta! Angejua nini?"

"Mwache marehemu apumzike."

"Nani kamwamsha? Si wewe?"

Mkewe Fundi alipotoka shule alimkuta mumewe ameketi nje juu ya rundo la mbao. "Wameanza tena la mnara?" aliuliza, akacheka. Kumbe ugomvi ule ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Mawifi wale walipendana. Mmoja akiugua, mwingine halali. Lakini ukitaja Jumba, kila mmoja anashika upande wake, na hakuna aliyewahi kuwaamua. Marehemu alijaribu mara moja, akanyimwa chai pande zote mbili.

Wapiganapo mafahali ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa Fundi. Mama mkwe hakuweza kumkatalia. Ndiyo kwanza ameanza kuketi karakana. Shangazi naye si mtu wa kukatalia. Kila mmoja alipita kuangalia kama kazi inakwenda sawa, maana yake kama mnara wake uko salama. Fundi akawaza, akawazua, mwisho akafanya jambo ambalo aliliona la busara sana wakati ule. Alichonga mnara wa pili, mzuri kama wa kwanza, na saa yake juu, na chini yake akautia vijiti viwili vya kuchomeka. Ukiuchomeka, Jumba lina minara miwili. Ukiuchomoa, unaziba matundu kwa kipande cha karatasi nyekundu, mnara ni mmoja.

Mkewe aliutazama mtambo ule akatikisa kichwa. "Unawadanganya mama yangu na shangazi yangu kwa mnara mmoja?"

"Kwa minara miwili," Fundi akamsahihisha. "Ni mpaka nimalize tu. Kisha msanifu ataamua."

"Njia ya mwongo fupi, mume wangu."

Kwa muda njia ilikuwa ndefu vya kutosha. Kandambili za mama mkwe zilisikika toka jikoni, papa, papa, papa, Fundi anachomoa. Bakora ya Shangazi ilisikika toka getini, Fundi anachomeka. Wote wawili wakawa wanaondoka wameridhika, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kimoyomoyo. Mama mkwe alizidi kuchangamka. Alimwonyesha lilipokuwa jukwaa la vyerehani, zilipokuwa ngazi za roshani, mahali ambapo wauza maua walimwaga maji sakafu ikateleza. Siku moja alichukua kidirisha kimoja kwa ncha za vidole, akakisogeza kwenye mwanga, akakirudisha taratibu. Hakusema pole.

Kisha ikanyesha mvua. Mbele ya geti pakajaa dimbwi, na Shangazi, ambaye hakutaka kulowesha viatu, akazungukia mlango wa jikoni. Mawifi wakanywa chai pamoja. Mvua ikipiga mabati, Fundi hakujua kuwa Shangazi amefika. Mara kandambili: papa, papa. Akachomoa. Mara, nyuma ya kandambili, kikohozi kile ambacho hakikuwa na mwenziwe mjini. Akachomeka. Kandambili zikafika. Akachomoa, akakosa pa kuuweka, akautumbukiza mfuko wa shati, akageuka na tabasamu la mtu aliyemeza mfupa.

Mawifi wawili walisimama bega kwa bega, mmoja na kikombe cha chai, mwingine na bakora.

"Mnara wa pili umekwenda wapi?" Shangazi akauliza. "Juzi si ulikuwepo hapa?"

"Juzi gani?" mama mkwe akasema. "Haujawahi kuwepo."

Wakatazamana. Kisha wakamtazama yeye. Halafu macho ya mama mkwe yakateremka polepole mpaka mfukoni mwa shati.

"Baba," alisema, "mbona mfuko wako una saa?"

Fundi aliingiza mkono mfukoni. Alitoa mnara, akausimamisha mezani. Mama mkwe alitazama vijiti, akatazama matundu, akainua kile kipande cha karatasi nyekundu. Kisha mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka chai ikamwagika, akakaa kwenye kigoda, akacheka tena, machozi yakimtoka. Fundi hakuwahi kumwona akicheka hivyo tangu msiba.

"Kumbe mimi ninadanganywa kama mtoto anayelishwa uji!" Shangazi alifoka. Lakini na yeye midomo ilikuwa ikimsaliti. "Wifi, mkwe wako huyu ni mhuni."

"Mkwe wetu," mama mkwe akasema, akijifuta macho. "Siku ya sifa ni wako, siku ya aibu ni wangu peke yangu?"

Wakamshukia wote wawili kwa pamoja, na Fundi akajua kuwa njia ya haraka ya kuwapatanisha wagomvi ni kuwapa mkosaji mmoja wa kugawana. Walipochoka, mama mkwe aliweka kikombe chini. "Sasa michezo basi. Kesho twendeni tukaliulize Jumba lenyewe. Mimi na wewe wifi tutasahau, matofali hayasahau."

Kesho yake jua lilitoka limeoga. Msanifu aliwapokea chini ya tao kubwa, akawavisha kofia za plastiki. Ya Shangazi ilikaa upande juu ya kilemba, akakataa kuinyoosha. Fundi alimweleza msanifu shida yao, akiruka yale ya mfukoni. Msanifu hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyekumbushwa jambo.

"Mnara wa kulia?" alisema. "Hebu njooni huku."

Upande wa kulia wa ukuta wa mbele mafundi walikuwa juu ya jukwaa, wakibandua lipu ya zamani iliyofunika upande ule tu. Sehemu waliyoimaliza ilionyesha matofali mekundu yaliyopangwa kwa ustadi, safu juu ya safu. Lakini katikati ya safu hizo palikuwa na viraka vya mraba, vya tofali la rangi hafifu, jipya kidogo, kila kimoja kikubwa kama sinia. Vilipanda ukutani kwa mistari miwili iliyonyooka, toka kimo cha mtu hadi karibu na paa.

"Tumeviona wiki hii," msanifu alisema. "Nilidhani ni madirisha madogo yaliyozibwa. Lakini madirisha hayapangwi hivi."

Fundi alivitazama. Moyo wa useremala ukamdunda. "Ni mashimo ya boriti," alisema. "Kulikuwa na kitu cha mbao kimeshikwa hapa."

Wakatazamana, yeye na msanifu, kama watoto waliosikia embe likidondoka. Msanifu alimwita mwashi, akamwomba atoe tofali moja la kiraka cha chini. Mwashi akagonga kwa patasi, taratibu, mpaka tofali likalegea. Ndani, kwenye kiza cha shimo, kilikuwepo kisiki cha boriti, kimekatwa kwa msumeno, kikavu, kigumu bado. Juu yake palining'inia kipande cha wavu wa waya kilichoganda plasta, na juu ya plasta, rangi nyekundu yenye mistari myeupe iliyochorwa kuiga matofali.

"Mnara wa mbao," msanifu alisema kwa sauti ya chini. "Wa mbao na plasta, ukapakwa rangi ufanane na mwenzake. Pengine siku ya ufunguzi ilikuwa imetangazwa, na matofali ya mnara wa pili hayajafika. Wakasimamisha huu ili Jumba lisionekane na sikio moja. Baadaye ukachakaa, wakaukata, wakaziba."

Wakasogea kuchungulia shimo. Upepo ulipita uwanjani, ukatikisa jukwaa la mafundi, na zile mbao zilizofungwa kwa kamba zikasuguana: kwiii.

Shangazi alishika mkono wa wifi yake. Kila mtu alimtarajia apige vigelegele mpaka uwanja wa pili. Badala yake, uso ulimlegea. "Sikuwa nimelala," alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo. "Nilianza kudhani niliota. Wamebaki wangapi walioniona siku ile? Hakuna. Nikawa najiambia, labda kweli nililala."

Mama mkwe aliutazama ukuta, akautazama mkono ulioshika wake.

"Hukulala, wifi," alisema. "Mimi nilipofika mjini walishaukata. Nilisema sikuuona, na kweli sikuuona. Lakini mimi kutouona si kwamba haukuwepo." Akavuta pumzi. "Na kaka yako aliyesema umelala, basi nadhani aliyelala ni yeye."

Shangazi aliangua kicheko, na sauti ikamrudi yote.

Wakaingia ndani. Dari la mbao lilikuwa limeondolewa nusu, na Fundi, aliyepima ukumbi ule gizani akiwa na tochi mdomoni, alisimama kama aliyepigwa na butwaa. Mwanga ulimwagika kutoka kwenye uti wa paa. Mbavu za chuma, ambazo yeye alizijua kwa urefu na upana tu, zilikuwa zimepakwa buluu, na mwanga uliteleza juu yake mpaka kwenye masuke ya roshani. Mama mkwe alitembea peke yake, polepole, akitazama juu, akipiga hesabu zake. Alisimama mahali pasipo na kitu. Akafumba macho. Jua lilikuwa likimgusa bega la kulia.

"Saa nne na nusu," alisema.

Msanifu alitazama saa ya mkononi, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Wakarudi nyumbani, mama mkwe ametangulia mpaka getini. Hapo akamgeukia Fundi. "Ule mfano wako, mkwe wangu, una kila kitu. Lakini umenyamaza mno. Siku za maonyesho palikuwa na vitambaa kila mahali, vimetundikwa roshani nzima, na mapazia madirishani. Bila vitambaa, hilo si Jumba, hilo ni kabati."

"Vitambaa vya kimo hicho nitavitoa wapi, Mama? Mimi sishoni."

"Nani kakwambia ushone wewe?"

Akaleta cherehani yake karakana. Meza zikapangwa bega kwa bega, yeye kwenye mwanga wa dirisha, Fundi kwenye mwanga wa mlango. Alikata mapazia ya ukubwa wa stempu, akayapinda pindo, akayapiga pasi kwa kijiko kilichopashwa moto. Alipokosea, alifumua akaanza upya, akinung'unika kwamba uzi siku hizi mnene kama kamba ya mbuzi. Mara akamwomba amchongee kigoda kidogo na cherehani ndogo ya kuweka katikati ya ukumbi. Mara akasema gurudumu la ile cherehani limekaa upande, alipige msasa tena. Mkewe Fundi alirudi kutoka shule akawakuta wote wawili wameinamia kitu kimoja kidogo, vichwa vikigusana, hakuna aliyesikia alivyobisha hodi. Akawaacha. Akapika mwenyewe.

Mnara wa pili ulibaki na vijiti vyake. Fundi alitaka kuugandisha kwa gundi, msanifu akamzuia. Alipoambiwa siri ya vijiti ilikotoka, alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akasema iwe hivyohivyo: watu wauchomoe na kuuchomeka wenyewe, waone Jumba la siku ya ufunguzi na Jumba la miaka iliyofuata.

Siku ya kufungua tena, uwanja ulijaa. Wakubwa walihutubia kwa kirefu, kama wakubwa wanavyopenda, na mwisho milango ikaachiwa, watu wakaingia chini ya mwanga ule, wakainua vichwa wote kwa pamoja na kusema "Aaa." Mfano ulikuwa ndani ya tao, juu ya meza imara. Watoto walipanga foleni kuchomoa mnara. Kando ya meza, kwenye viti viwili ambavyo hakuna aliyewapa, walikuwa wamekaa mawifi, wamevaa nguo zao za sikukuu, wakipokezana maneno. Huyu anaeleza ya ufunguzi, yule anamdaka anaeleza ya cherehani, na watu wakaacha kumfuata mtembezaji rasmi aliyepewa kipaza sauti, wakawazunguka wao.

"Nani katengeneza hiki?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mkwe wangu," mama mkwe akajibu. "Mapazia ni mimi."

Fundi aliyasikia hayo akiwa juu ya roshani na mkewe. Walikuwa wameegemea kingo za chuma, sufi ya vumbi la dhahabu ikielea mbele yao kwenye jua. Mkewe alimshika kiwiko.

"Unalia?"

"Ni vumbi."

"Hapa wamefagia toka jana."

Fundi aligeukia ukingo. Alishika suke moja la chuma kwenye ukingo, likiwa vuguvugu kwa jua, akalipapasa punje kwa punje. Alikuwa amelichonga suke lile mara nyingi kwa ncha ya kisu, dogo kuliko punje ya mchele, na alifurahi kuona hakukosea.

Chini, sauti zikapanda. Mzee mmoja mwenye koti la kahawia alikuwa amewasimamia mawifi, anatikisa kidole, anadai kuwa milango mikubwa ya Jumba ilikuwa ya kijani, si ya kahawia, kwani baba yake ndiye aliyeipaka. Mama mkwe akasimama. Shangazi akasimama. Safari hii walikuwa upande mmoja.

"Kahawia!" wakasema kwa pamoja.

"Kijani!"

Mama mkwe aliinua uso kuelekea roshani, akamtafuta, akampata. "Mkwe wangu!" aliita, na ukumbi mzima ukaisikia, maana ulijengwa kwa kusikilizana. "Hebu teremka huku!"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akainua mikono juu. Basi akajipangusa uso, akazikamata ngazi, akaanza kuteremka, akiwaza njiani kama mlango ule mdogo ungeweza kutiwa bawaba, ugeuzwe: upande mmoja kahawia, upande wa pili kijani.